Mchuma Ulioshinda Safari Rally Halafu Ukagoma Kuwaka Sheli: Stori ya Datsun 240Z na Kabureta Zilizobebeshwa Lawama

Pasaka ya mwaka 1973, Datsun 240Z ilibeba ubingwa wa East African Safari kwa mara ya pili. Na sio ule ushindi wa kupita kwenye lami ukipunga mkono. Safari ya miaka ile ilipigwa katikati ya masika: unaanza na vumbi, unakutana na tope linalofika kwenye milango, unapanda milima ambako hewa ni nyepesi, halafu unashushwa kwenye joto la bondeni. Gari nyingi ziliingia, chache zilimaliza. 240Z ilimaliza, tena mbele ya wote.

Mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, jamaa mmoja California kanunua 240Z mpya kabisa ya toleo la 1973. Jua kali. Anaingia sheli, anajaza mafuta, analipa, anarudi kwenye usukani na kupiga starti. Injini inazunguka vizuri, betri ipo, mafuta ndio kwanza yamejazwa. Haiwaki. Anapiga tena, ikawaka kwa sekunde mbili, ikamisi, ikazima. Nyuma yake watu wanapiga honi.

Huyo jamaa hana jina kwa sababu hakuwa mmoja. Walikuwa wengi, na kilichowakuta kikawa ndio sifa mbaya ya gari ambayo mpaka leo mashabiki wanaililia. Swali ni moja: inakuwaje mchuma unaovuka Afrika Mashariki kwenye tope na joto unashindwa kutoka sheli?

Wengi waliojibu swali hilo miaka ile walikosea, na kukosea kwao kumewagharimu watu hela ndefu kwa miaka hamsini.

MTOTO WA GETI KALI

Kwanza historia kidogo kwa wale ambao Datsun wanaijua kwa pickup ya babu tu. Wazee wa Nairobi, Arusha na Dar wanazikumbuka Datsun 1200 na 120Y, zile gari za kazi zisizojua kuchoka. 240Z ilikuwa ndugu yao, ila huyu alikuwa mtoto wa geti kali: boneti ndefu, kiti kiko nyuma kabisa, mgongo umeteremka kama paka anayenyata. Ilitoka Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z. Jina hilo Wajapani walilipenda. Bosi wa Nissan kule Marekani, mzee ambaye mashabiki wanamwita Mr. K mpaka kesho, hakulipenda hata kidogo. Inasimuliwa kwamba alihakikisha nembo za Fairlady zinang'olewa kabla gari hazijawafikia wateja, zikawekwa namba za kiwanda tu: 240Z. Mwanaume wa Kimarekani ataendesha vipi gari inayoitwa mwanamke mrembo? Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake, na sokoni haikumwangusha.

Bei ilikuwa dola 3,526. Kwa hela hiyo unapata injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, na umbo la kumfanya mwenye Jaguar ageuke mara mbili. Gari za Ulaya zenye mvuto kama huo zilikuwa ghali kuliko hiyo kwa mbali. Zikauzika kama maandazi. Familia yote ya Z hiyo ya kwanza, kwa maana ya 240Z, 260Z na 280Z, iliuza zaidi ya gari laki tano.

Huku kwetu ikaja kuchukua heshima. Mwaka 1971 ilishinda Safari ikiwa nyekundu na boneti jeusi, mikononi mwa dereva mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akiishi Kenya. Nafasi ya pili ilikwenda kwa 240Z nyingine iliyoendeshwa na kijana wa Kihindi mzaliwa wa Uganda. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia, na kijana yule maisha yake yakahamia Kenya. Pasaka ya 1973 akarudi na 240Z, akamaliza sawa kwa pointi na Msweden aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Sare kabisa! Kanuni ya kuvunja sare ikampa ushindi yeye. Hajafika hata miaka 28. Baadaye alikuja kuibeba Safari mara tano jumla, ila hiyo ni stori ya siku nyingine.

Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Nairobi mwaka 1973 kwamba 240Z inasumbuliwa na joto, angekucheka mpaka alie.

KABURETA ZA UKOO WA WAUZA VIATU

Gari inayogoma ikipata moto, ugomvi wake mkubwa huwa kwenye njia ya mafuta. Kwenye 240Z njia hiyo haina mambo mengi. Tenki liko nyuma, chini ya sakafu ya buti, linabeba kama lita 60. Bomba la chuma linatoka huko mpaka mbele. Mbele kuna pampu ya mafuta ya mkono wa chuma, imefungwa kwenye kichwa cha injini, inasukumwa na kamshafti. Hakuna umeme hapo. Pampu inavuta mafuta kutoka nyuma, inayapeleka kwenye kabureta mbili kwa presha ndogo ya kama psi 3 hadi 4. Yanayobaki yanarudi tenki kwa bomba lingine.

Kabureta zenyewe zilitengenezwa na Hitachi kwa leseni ya muundo wa Kiingereza unaoitwa SU. Muundo huo ulibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na ndugu wa familia moja ya Kiingereza iliyokuwa kwenye biashara ya viatu. Na kweli damu ya viatu ilionekana: kabureta zao za mwanzo zilikuwa na kifuko cha ngozi ndani, kama mvukuto wa mhunzi, kinachopanda na kushuka kufuata upepo unaovutwa na injini. Baadaye ngozi ikatoka, ikaingia pistoni ya chuma. Pistoni inabeba sindano nyembamba inayochongoka. Ukikanyaga mafuta, pistoni inapanda, sindano inatoka kwenye tundu lake, mafuta yanaongezeka. Ukiachia, inashuka, yanapungua. Juu kuna mafuta mepesi ya kulainisha yanayozuia pistoni isiruke kama chura. Yakikauka, gari inakohoa kila ukikanyaga, na fundi asiyejua anaanza kufungua injini nzima kumbe dawa ilikuwa kijiko kimoja cha oili.

Kabureta za 1970 mpaka 1972 zina kofia ya duara juu, na mashabiki wanazijua kwa jina hilo. Ni vitu rahisi, vinavyosamehe, na fundi wa mtaani anaweza kuzifungua juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Sasa weka akilini jambo moja ambalo mchoraji wa injini hii aliliacha na likaja kuwa msiba. Kwenye injini nyingi za kisasa, hewa na mafuta vinaingia upande mmoja wa kichwa, moshi unatokea upande wa pili. Injini ya 240Z haiko hivyo. Kabureta na ekzosi ziko upande mmoja. Yaani kabureta mbili zilizojaa petroli zimekaa juu ya mabomba ya moshi yanayochemka, na katikati yao kuna kipande cha bati tu cha kukinga joto. Kama kuweka kopo la petroli juu ya jiko halafu ukatandika karatasi katikati. Gari ikitembea, upepo unapita na kupoza. Shida inaanza ikisimama.

Na watu wengi hili hawalijui: chini ya boneti panakuwa na joto kali zaidi dakika chache BAADA ya kuzima gari kuliko wakati inatembea. Feni imesimama, maji ya rejeta hayazunguki, lakini chuma cha ekzosi bado kina moto. Joto linapanda juu. Sehemu nyepesi za petroli zinaanza kuchemka kwenye joto ambalo hata maji ya kuoga yanalifikia. Dakika tano za kujaza mafuta na kununua soda zinatosha kabisa.

1973: SERIKALI INAINGIA, KABURETA ZINABADILISHWA

Mwisho wa mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi. Watengenezaji wote wa gari wakaambiwa wapunguze moshi. Nissan, kama wenzao, wakaanza kubandika vitu. Toleo la 1973 la 240Z likaja na kabureta mpya zenye kofia bapa, zimejaa vali na vijibomba vya kudhibiti moshi. Ukaongezwa mfumo wa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Gari ikawa safi zaidi kwenye karatasi. Barabarani wenye nazo wakaanza kulalamika: inakosa nguvu, inasita, inamisi, na ikipata moto ukizima haiwaki.

Hapo ndipo lawama zikapata mwenyewe. Kabureta mpya zimekuja, shida imekuja, kwa hiyo shida ni kabureta. Kesi imefungwa. Wamarekani wakazipa jina la dhihaka, "nanga za boti", maana yake chuma kizito kisichofaa kitu kingine zaidi ya kutupwa majini. Watu wakazing'oa, wakafunga za kofia ya duara za miaka ya nyuma. Nyingine zikaenda dampo. Nyingine zikabaki kwenye maboksi ya gereji, zimefungwa kwenye magazeti.

Na kweli kuna waliobadilisha na gari ikapona. Ila kuna waliobadilisha, wakatoa hela yao, wakaenda barabarani siku ya jua, wakasimama sheli, wakapiga starti. Haiwaki. Ileile! Kabureta nyingine, ugonjwa uleule.

Kwa sababu wakati wote wanapigana na kabureta, joto halikuwa limehama. Ekzosi ilikuwa palepale chini. Na pampu ilikuwa palepale mbele, kwenye kichwa cha injini yenye moto, ikijaribu kuvuta mafuta kutoka nyuma ya gari.

Pampu ya aina hii ni hodari wa kuvuta kimiminika. Mvuke haiwezi. Petroli ikichemka ndani ya bomba inakuwa mapovu, pampu inapiga mapovu, kabureta zinabaki kavu. Ni kama kunywa soda kwa mrija wenye tundu. Unavuta mpaka mashavu yanauma, unachopata ni hewa. Tena kuvuta kwenyewe kunapunguza presha ndani ya bomba, na presha ikipungua mafuta yanachemka mapema zaidi. Pampu ya mbele inajichimbia kaburi yenyewe.

Kule kiwandani walikuja kulielewa hili. 260Z ya mwaka 1974, ambayo ilikuja na kabureta zilezile za kofia bapa, ilifungwa pampu ya ziada ya umeme nyuma karibu na tenki, na baadhi ya 240Z za 1973 nazo zikaongezewa. Pampu iliyoko nyuma haivuti, inasukuma. Mafuta yanayosukumwa yana presha, na yenye presha ni magumu kuchemka. Huko ni kukubali kosa bila kulitamka, na mtu angeangalia pale walipoweka pampu mpya angejua kiwanda chenyewe kilimshuku nani.

Yule jamaa wa sheli alikuwa na bahati mbaya nyingine. Oktoba 1973 vita vya Mashariki ya Kati vikaleta mgomo wa mafuta, na mwanzoni mwa 1974 miji ya Marekani ikashuhudia foleni ndefu za petroli. Gari inayochukia kuzimwa na kuwashwa ikiwa na moto, unaiweka kwenye foleni ambayo unasogea hatua tano, unazima, unawasha, unasogea. Halafu kuna hili la petroli yenyewe: inayouzwa majira ya baridi kule hutengenezwa iwe nyepesi kugeuka mvuke ili gari ziwake asubuhi kwenye barafu. Siku ya jua ikitokea ghafla na tenki bado lina petroli ya baridi, hapo umekwisha.

Watu wakajitibu wanavyojua. Maarufu zaidi ilikuwa ni kubana vibanio vya nguo, vile vya mbao, kwenye bomba la mafuta, kwa imani kwamba mbao inanyonya joto. Unafungua boneti unakuta vibanio kumi vimepangwa kama nguo za mtoto zinaanikwa. Ukweli ni kwamba kibanio hakifanyi kitu. Kilichokuwa kinasaidia ni ule muda wa kufungua boneti, kuvipanga na kutukana kidogo. Dakika ishirini zimepita, chuma kimepoa, gari inawaka, sifa zote anapewa kibanio. Waliomwagia pampu na bomba kitambaa cha maji walau walikuwa na fizikia upande wao.

MAGONJWA MAPACHA

Sasa kwa nini uchunguzi ulikosewa kwa muda mrefu namna hii? Kwa sababu joto linaleta magonjwa mawili yanayofanana usoni na kutofautiana tumboni.

La kwanza ndilo hilo la mapovu kwenye bomba: mafuta hayafiki. La pili ni kinyume chake. Bakuli la kabureta, pale mafuta yanaposubiri kabla ya kuingia, nalo linachemka. Yakichemka yanamwagika kama uji uliosahaulika jikoni, yanaingia kwenye injini bila kuitwa. Injini inazidiwa mafuta. Haiwaki. Kwa aliyekaa kwenye usukani, yote mawili ni kitu kimoja: unapiga starti, hola.

Mafundi wazuri wa enzi zile walikuwa na njia ya kuyatenganisha, na ilikuwa ni pua na plagi. Fungua plagi. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yamezidi. Kanyaga pedeli mpaka chini, ishikilie hapohapo, piga starti, hewa iingie ikaushe. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Hata ukanyage mpaka kesho, hakuna kitu cha kuchoma. Dawa ya ugonjwa mmoja haigusi mwingine. Aliyefunga pampu kali mbele ya kabureta zinazochemka alikuwa anaongeza petroli kwenye injini iliyokwishazama.

Halafu kuna wa tatu, mnafiki, ambaye hayumo kabisa kwenye mafuta. Mafundi wakongwe wana msemo wao kwamba matatizo mengi ya kabureta yanakaa kwenye umeme. Gari hizi zilitumia platini na kondensa. Kondensa iliyochoka inafanya kazi asubuhi, ikipata moto inakata, ikipoa inarudi. Dalili zote za mafuta kuchemka, na mafuta hayahusiki hata tone! Kwa hiyo fundi makini hakugusa kabureta kabla ya kuchomoa waya wa plagi moja gari ikiwa bado na moto, kwenye hali ileile ya kugoma, na kuangalia kama cheche ipo. Kuangalia baada ya kupoa ni kupoteza muda, kwa sababu baada ya kupoa kila kitu kinafanya kazi na kila mtu anaonekana mwongo.

Cheche ikiwepo ndipo unafuata mafuta, kuanzia mbele kurudi nyuma. Unachomoa mpira unaoingia kabureta, unauelekeza kwenye chupa, unazungusha injini ukiwa umekata waya wa koili ili isiwake. Mafuta yakipiga kwa nguvu, pampu imepona, twende kabureta. Yakija kwa kutema mate, tatizo liko nyuma. Hapa mzaha hakuna. Ekzosi yenye moto iko chini ya mikono yako, na Z zilizoungua zikabaki bodi tupu ni nyingi kwa sababu tu mtu alifanya kipimo hiki injini ikiwa ya moto bila chupa, au aliacha mpira wa mafuta wa miaka ishirini uliopasuka akisema atabadilisha kesho.

Kuna kisa kingine cha kihistoria ambacho kimewatesa wapenzi wa gari hizi kuanzia miaka ya tisini, pale watu walipoanza kuzitoa kwenye mabanda zilikolala. Gari inawaka vizuri, inakaa sailensi bila tatizo, unatoka nayo barabara kuu. Dakika ishirini kwenye mwendo, nguvu zinaisha kama mtu anakuvuta shati nyuma. Unasimama pembeni, unazima, unawaza. Dakika kumi baadaye inawaka kana kwamba haijawahi kuugua. Wengi walisema joto hilo, mafuta yanachemka. Sio! Angalia imetokea wapi. Imezima ikiwa kwenye mwendo, upepo unapita, mafuta yanavutwa kwa wingi. Mafuta yaliyochemka hupenda kukugomea baada ya kusimama. Hii ya barabara kuu ni kutu ya tenki. Kutu iliyomomonyoka miaka yote gari imelala inavutwa na mafuta mpaka kwenye mdomo wa bomba, inaziba. Ukizima, mvuto unaisha, kutu inadondoka chini, njia inafunguka. Ukibadilisha filta ya mbele peke yake, unakuta uchafu mwekundu kama udongo wa Arusha, unafurahi umeupata ugonjwa, na wiki ijayo uko pembeni ya barabara tena. Tenki lazima lishuke, lisafishwe.

Na ndugu yake ni tenki lisilopumua. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie kujaza nafasi. Mipira ya hewa ya tenki la Z ni mingi, imepita ndani kwenye kona za nyuma ya bodi, na ikizeeka inaziba au inapasuka. Ikipasuka, ndani kunanuka petroli mpaka kichwa kinauma. Ikiziba, pampu inavuta dhidi ya tenki lililojifunga. Kipimo chake ni cha bure: gari ikianza kufa, simama, fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia "pssss" ya hewa inayoingia na gari ikarudi kuwa nzima, ushampata.

SASA ILE SAFARI RALLY?

Rudi Pasaka ya 1973. Kwa nini kule ilishinda? Sehemu ya jibu ni kwamba gari ya mashindano haifanani na ya dukani. Iliandaliwa na kiwanda kwa ajili ya kupigwa, ikasindikizwa na mafundi. Ila sehemu nyingine ni kitu kilekile kilichomkuta jamaa wa sheli, kimegeuzwa. Gari ya rali haisimami. Inatembea, upepo unaingia, mafuta yanapita kwa kasi kwenye bomba bila kupata muda wa kupata moto, na yanayobaki yanarudi tenki yakiwa yamebeba joto. Adui wa 240Z hakuwa jua la Afrika. Adui alikuwa ni kusimama. Foleni ya mjini ilikuwa mbaya kwake kuliko njia yoyote ya Safari.

Mwaka 1975 Nissan wakaachana na kabureta kwa soko la Marekani. 280Z ikaja na mfumo wa umeme wa kupuliza mafuta uliotokana na teknolojia ya Bosch, ukifanya kazi kwa presha kubwa mara kumi hivi ya ile ya kabureta. Kwa presha hiyo mafuta hayachemki kirahisi. Watu wakasema yameisha. Lakini ekzosi bado ilikuwa upande uleule! Mrithi wake, 280ZX, akaja na kifeni kidogo cha kupuliza kwenye nozo za mafuta baada ya gari kuzimwa. Unazima gari, unatoka, unafunga mlango, na ndani ya boneti bado kuna kitu kinanguruma chenyewe. Majirani walidhani gari imesahauliwa ikiwaka.

Siku hizi ugonjwa umepata nguvu mpya. Petroli nyingi ya Marekani ina asilimia 10 ya ethanoli, na Uingereza nayo iliifanya kuwa petroli ya kawaida Septemba 2021. Pombe hiyo inaila mipira ya zamani kutokea ndani, inavuta maji, na mchanganyiko wake unageuka mvuke mapema. Wenye Z wanabadilisha mipira yote, wanafunga vizuizi vya joto chini ya kabureta, wanazungushia mabomba kitambaa cha kukinga moto, na pampu ya umeme inakwenda nyuma, pale kiwanda kilipoiweka mwaka 1974, ikiwa na kikata umeme ili gari ikipata ajali isiendelee kumwaga mafuta.

Na zile nanga za boti? Bei ya kabureta za kofia ya duara imepanda kwa sababu kila mtu anazitaka. Wakati huohuo wapo wachache wanaorudisha 240Z za 1973 na 260Z kama zilivyotoka kiwandani, kila kipande cha asili. Wanazifungua kofia bapa, wanakuta vali zimeganda, mipira imekauka, na alama za bisibisi za watu waliowahi kuzichokonoa bila kujua wanatafuta nini. Wakizisafisha na kuzipanga, joto likishughulikiwa na pampu ya nyuma ikisukuma, gari zinatembea. Hazina mbio za kofia ya duara, hilo ni kweli na litabaki kweli. Ila zinawaka sheli. Shida yao sasa ni kuzipata, maana za watu wengine zilishakwenda dampo kitambo.